Kona ya Maendeleo Iko Wapi?

Habari aliileta Wembe, kinyozi. Alitoka kibandani kwake mbio, brashi mkononi, povu likimdondokea kwenye ndala, na nyuma yake kitini akamwacha mteja mwenye nusu ya ndevu.

"Redio imesema! Jamani, redio imesema! Njia ya baiskeli za watalii inapita kwetu. Si kule chini kwenye lami. Huku huku mlimani, kijiji kwa kijiji!"

Spoku, fundi baiskeli, hakuinua kichwa. Alikuwa anapima ringi iliyopinda, jicho moja kalifumba. Kijiwe kilikuwa chake kwa maana hii tu: benchi lake, bati lake, kivuli chake, na waliokaa pale kutwa nzima hakuna hata mmoja aliyekuwa na baiskeli ya kutengenezwa.

"Watalii waje kufanya nini huku?" aliuliza Shangazi, mwuza kahawa, aliyekuwa na jiko lake ubavuni mwa benchi. Kwa damu alikuwa shangazi wa mtu mmoja tu, Breki, lakini jina lilikuwa limeenea kama upupu. Hata waliomzidi umri walimwita Shangazi.

"Waje kutembea."

"Kwa baiskeli?"

"Kwa baiskeli, Shangazi. Kwa raha zao."

"Wapande mlima huu kwa raha zao." Shangazi alimimina kahawa taratibu. "Maskini. Hawana ndugu wa kuwashauri?"

Breki, aliyeendesha malori mpaka macho yakagoma, alicheka hadi kikombe kikamwagika. "Mimi mlima huu nimeupanda na lori la saruji. Lori, narudia, lori lenye injini! Lilifika hapa likaomba maji kama mgonjwa. Sasa mtu na miguu yake miwili!"

"Wanafuata historia," alisema Mwalimu Tarehe. Alikuwa amefundisha historia maisha yake yote, na tangu astaafu hakukuwa na wa kumsahihisha. "Vijiji vitatu vya mawe, lango, kisima, na ukuta ule wa miaka mia nne. Dunia nzima..."

"Mia nne?" Wembe alimgeukia. "Mwaka jana ulikuwa na mia mbili!"

"Utafiti unaendelea."

"Utafiti gani na hujabanduka kwenye benchi? Ukuta ukizeeka kwa mwendo huo, mwakani utakuwa umezaliwa kabla ya mlima wenyewe!"

"Wembe, maliza habari," alisema Spoku. "Redio ilisemaje mwisho?"

"Ndiko ninakokwenda. Kuna dada wa ofisi ya hiyo njia. Anapanda leo hii, kwa baiskeli, aone kwa macho yake. Wametoa na namba yake ya simu. Anaomba wenyeji wampe majina ya kona za mlima, maana kila kona itawekwa bango. Bango la rangi, la herufi kubwa, mtu alisome akiwa mbali."

Hapo kijiwe kikanyamaza. Hata kahawa ilisikika ikichemka. Kila mmoja alikuwa ameshateremka mlima kwa mawazo, akasimama kwenye kona moja, kona yake mwenyewe, na akaliona hilo bango.

Kuelewa ukimya ule lazima ujue kona zile zilivyopata majina. Kabla mikate haijaanza kuletwa na gari dogo lenye dereva asiyesalimia mtu, ililetwa na kaka yake Spoku, aliyeitwa Bwana Mikate, kwa baiskeli yenye sanduku la mbao nyuma. Kila asubuhi aliupanda mlima, nusu akiendesha na nusu akisukuma, na kwa kuwa hakukosa siku, hakuna aibu iliyotokea mlimani ambayo hakuikuta yenyewe au alama zake. Mtu akipatwa na jambo kwenye kona, kesho yake Bwana Mikate hugonga mlango wa kwanza, akatoa mkate, na pamoja na mkate akatoa jina la kona. Mlango wa pili, mkate na jina. Kabla umande haujakauka, kijiji kizima kimeshashiba vyote viwili.

Ndivyo kona ya kwanza kutoka chini ilivyoitwa Mwongo Shuka. Breki aliapa mbele ya watu kwamba baiskeli ni mchezo wa watoto, na kwamba angefika juu bila kuweka mguu chini. Mguu aliuweka pale, shati likiwa bado kavu. Ya pili ikaitwa Bibi Harusi Geuza, kwa ajili ya Shangazi. Alikuwa anapelekwa kwa mume, amekaa kwenye keria, na mume huyo huyo ndiye aliyekuwa anaendesha. Kufika pale, bwana harusi, pumzi zimemwishia, akauliza bibi harusi mchana alikula nini. Shangazi alishuka, akageuza, na bwana harusi akamkimbilia mpaka chini kabisa akiomba radhi. Ya tatu ni Kioo Kwaheri, ambapo kioo kipya cha Wembe kilichomoka kwenye kamba. Hadi leo kibandani kwake kuna kipande cha pembe tatu, na mteja hujiona sikio moja moja. Ya nne, karibu na kijiji, ni Kinyumenyume. Hapo suruali mpya ya Mwalimu ilipasuka nyuma siku ya kufunga shule, naye akaingia kijijini kinyumenyume, akimwinamia kila aliyekutana naye kwa adabu ambayo hawakuwahi kuiona kwake.

Bwana Mikate alifariki msimu wa mvua uliopita, kwa kifua. Hakuacha mke wala mtoto. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya karakana ya mdogo wake, na kutu ilikuwa imeshaanza kazi yake. Lakini mtoto akitumwa, alitumwa mpaka Kioo Kwaheri. Mbuzi akipotea, alionekana mara ya mwisho Bibi Harusi Geuza. Kila Spoku aliposikia jina mojawapo likitajwa na mtu mwenye haraka zake, asiyemkumbuka yeyote, moyo wake ulitulia, kama wa mtu aliyesikia mlango wa nyumbani ukifunguliwa na mwenye nao.

Wembe ndiye aliyevunja ukimya.

"Mimi naona, na sisemi kwa ajili yangu, nasema kwa ajili ya heshima ya kijiji, majina mengine yarekebishwe."

"Mengine yapi?" aliuliza Breki.

"Kwa mfano... lile la kioo."

"La kioo na lipi?"

"Hayo mengine hayana ubaya. Yana historia."

"Ee, tazama huyu! Tena la kioo ndilo libaki, ni la kweli tupu. La kuondoa ni lile la chini. Hebu fikirini kiungwana. Mgeni ametoka kwao, anafika mlimani kwetu, bango la kwanza linamwambia Mwongo Shuka! Si atadhani anatukanwa yeye?"

"Akiwa mwongo atashuka," alisema Shangazi. "Asiyekuwa mwongo ataendelea."

"Shangazi, wewe ni damu yangu!"

"Ndiyo maana nakujua."

Mwalimu Tarehe alikohoa kile kikohozi chake cha kuanzia kipindi. "Tusichanganye mambo. Kinyumenyume, kwa mfano, ni jina la kivita. Mashujaa wa kale walirudi nyuma pale wakimkabili adui uso kwa uso. Hawakumpa mgongo."

"Hata wewe siku ile hukutupa mgongo, Mwalimu," alisema Wembe, "na tulijua kwa nini."

Breki alipiga benchi kwa kiganja. Mwalimu alingoja kelele zipungue, akavua miwani, akaifuta. "Sawa. Kama mnaleta utoto, basi na hilo liondoke. Yaondoke yote. Tumpe mgeni majina ya watu wazima."

"Langu liacheni," alisema Shangazi. "Wasomao wajue kwamba huku mwanamke haulizwi alichokula."

Ringi ilikuwa imesimama mkononi mwa Spoku. "Ni majina ya kaka," alisema.

Wakamtazama. Spoku hakuwa msemaji. Kwa kawaida mchango wake katika mjadala ulikuwa nyundo. Wembe aliketi karibu naye na kushusha sauti.

"Spoku ndugu yangu, kaka yako tulimpenda. Mimi nilimnyoa mpaka siku za mwisho, pale pale kitandani, akanitania kuhusu kioo na pumzi hana. Sijasahau. Lakini utani ni wa mdomoni. Bango halicheki, bwana. Bango linakaa pale limekukodolea macho, mvua na jua, mpaka wajukuu zako walikute."

Spoku alitafuta neno. Alitaka kusema kwamba majina yakibadilishwa, basi hakutakuwa na mahali popote duniani ambapo kaka yake anatajwa na watu wasiolia. Lakini neno refu namna hiyo halikupita. Akazungusha ringi, ikalia kidogo, akaikazia spoku moja ambayo haikuwa imelegea.

Kura ilipigwa kwa vikombe: anayetaka majina mapya ainue chake. Vikombe vitatu vikapanda, cha Breki kikiwa kimetangulia. Cha Spoku kilibaki chini. Shangazi alisema yeye hawezi kupiga kura maana vikombe vyote ni vyake, na kura itakuwa na upendeleo.

Majina yakatoka kwa Mwalimu bila kusitasita. Kona ya Mashujaa. Kona ya Amani. Kona ya Maendeleo. Kona ya Mshikamano.

"Hapo sasa!" Wembe alipiga makofi, povu likaruka. "Sijui yana maana gani, lakini yanasimama vizuri."

"Maendeleo iwe yangu," alisema Breki. "Maendeleo huja na lori."

"Kila la maana lije kwako wewe?"

"Si mmeniita mwongo miaka yote hii? Nilipwe fidia!"

"Nimeshatuma," alisema Mwalimu, akiishusha simu kutoka puani.

"Umetuma nini?"

"Ujumbe. Kwa dada wa njia. Majina manne, kwa mpangilio."

"Mpangilio gani? Maendeleo umeiweka wapi?"

"Pale tulipokubaliana."

"Tulikubaliana wapi?"

Kabla Mwalimu hajapata jibu, simu ililia. Akaiweka sauti ya nje ili kila mtu asikie anavyozungumza na wakubwa.

"Shikamoo, Mwalimu," ilisema sauti ya mwanamke, ikihema.

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Umeshafika?"

"Bado. Ujumbe wako nimeupata, asante sana. Lakini nimepata pancha, na pampu yangu imekataa kazi. Hapo juu kuna mtu wa kunisaidia?"

"Fundi tunaye! Tena fundi bingwa. Wewe tuambie tu ulipo."

"Niko Kona ya Maendeleo."

Kijiwe kizima kilitazamana.

"Amesema wapi?" alinong'ona Breki.

"Maendeleo."

"Maendeleo iko wapi?"

"Hilo ndilo swali," alisema Shangazi, akifunika birika. "Nimelisikia tangu nikiwa msichana."

Mwalimu alikata simu kwa ahadi nyingi, na hapo moto ukawaka. Breki alisema iko chini kabisa, kwake, walikubaliana. Wembe alisema hakuna aliyekubaliana, na tangu lini maendeleo yakawa chini? Maendeleo yako juu, kona ya juu kabisa, hata mtoto anajua. Mwalimu alisema yeye ameorodhesha kuanzia juu, kwa hiyo ni ya tatu kwenda chini.

"Ya tatu kutoka juu ni kwangu," alisema Shangazi.

"Naam, kwako."

"Mimi sikuomba maendeleo."

"Lakini yeye anatoka chini!" Wembe alishika kichwa kwa mkono wenye brashi, na povu likahamia nyweleni. "Atakuwa amehesabu kutoka chini!"

"Nani anahesabu kutoka chini? Historia huanzia juu!"

"Historia haina pancha, Mwalimu! Mtoto wa watu anachomwa na jua!"

Wakatawanyika. Breki alikata njia ya mkato akielekea chini, akipiga honi kwa mdomo kama zamani. Mwalimu alimfuata, kaushika mfuko wa suruali kwa tahadhari. Wembe alikimbilia kona ya juu, na mteja wake mwenye nusu ya ndevu, aliyekuwa amechungulia mlangoni akamwona kinyozi wake anatokomea, naye akatoka mbio, kitambaa shingoni kikipepea.

Mwalimu aliisahau simu kwenye benchi. Spoku alifuta mikono, akaichukua, akapiga namba iliyokuwa juu.

"Dada, mimi ndiye fundi. Achana na jina la kona. Niambie unaona nini."

"Naona... mteremko. Miti. Jiwe bapa, nimekaa juu yake. Na hapa pembeni kuna vitu vinang'aa kwenye nyasi, kama vipande vya kioo."

"Basi kaa hapo hapo juu ya jiwe. Usikanyage nyasi."

Akairudisha simu kwenye benchi. Shangazi alikuwa anamtazama.

"Kioo Kwaheri," alisema Spoku.

"Kioo Kwaheri," Shangazi alitikisa kichwa. "Hata kipofu angefika. Nenda, baba."

Alichukua pampu na kopo lake la gundi, akaona ndani kuna kiraka kimoja, akasema kinatosha. Akapanda baiskeli yake. Kwenye Kinyumenyume aliwapita Wembe na mteja wake wakiwa wamesimama kila mmoja upande wake wa barabara, wakiita "Dada! Dada!" kwenye kichaka. Spoku alipiga kengele na kuonyesha chini kwa kidole, bila kusimama.

Dada wa njia alikuwa palepale juu ya jiwe, kofia ngumu mapajani, vumbi usoni limechorwa mistari na jasho. Alikuwa mtu mzima wa makamo, si yule msichana waliyemdhania kwa sauti yake ya simuni. Alisimama kumsalimu. Spoku, kwa ile haraka ya kumkuta mgeni juani, aliibwaga baiskeli yake nyasini na kupiga magoti mbele ya tairi. Akatoa mpira, akaupitisha karibu na shavu kusikiliza pumzi inatokea wapi, akapasafisha, akapaka gundi. Kiraka kikashika.

"Fundi, nikuulize," alisema yule dada. "Nilipomwambia Mwalimu nipo Maendeleo, nilisikia nyuma watu wananong'ona kuulizana ni wapi. Wewe nimekwambia vipande vya kioo, umefika hata maji sijanywa. Hapa ninyi wenyewe mnapaitaje?"

Spoku aliendelea kubana kiraka kwa kidole gumba, zaidi ya kilivyohitaji kubanwa. Kura ilikuwa imepigwa. Watu wenyewe ni majirani zake, angeamka nao kesho na keshokutwa. Tena nyuma yake alishasikia ndala za Wembe zikija, pata, pata, pata, zikasimama.

"Kioo Kwaheri," alisema.

Yule dada akaangalia nyasi, akaangalia mteremko, na kicheko kikamtoka chote kwa mkupuo, kicheko cha mtu aliyepanda tangu asubuhi bila kupata sababu ya kucheka. "Maskini! Kilikuwa cha nani?"

Hilo halikuwa la Spoku kulijibu. Wembe alikuwa amesimama na brashi yake, povu limekaukia nyweleni, akimtazama mwanamke anavyojifuta machozi. Halafu kitu fulani kikamshinda.

"Changu," alisema.

"Chako kweli?"

"Changu mimi! Dada, kilikuwa kioo, si kioo. Kilikuwa na urefu wa mlango!"

"Kilikuwa cha kiunoni," alisema Spoku, akipiga pampu.

"Cha mlango, nasema, na fremu ya dhahabu! Nimekifunga mgongoni mwa baiskeli, nakuja zangu. Kila ninayempita anajiona, anarekebisha kola. Ng'ombe akajiona, akashtuka! Kufika hapa, kamba ikasema mimi basi. Kioo kikateleza chenyewe, kimesimama wima, kinateremka mlima kinaonyesha mbingu. Mbingu nzima, dada, na mawingu yake, inateremka barabarani! Nikakipungia mkono. Ningefanya nini? Nikasema kwaheri."

Yule dada alilazimika kukaa tena. Mteja mwenye nusu ya ndevu, aliyekuwa amefika akihema, alicheka kama ndiyo mara yake ya kwanza kuisikia, na huenda ilikuwa, maana toleo hili lilikuwa jipya.

Kicheko kilimfikia Breki akiwa bado anapanda kutoka chini. Alitokea kwenye mpindo shati limelowa lote, mkono kiunoni, akakuta Wembe yuko katikati ya duara kama bwana harusi, na uso wake ukaingia wivu ulio wazi kabisa.

"Amekusimulia kioo? Hicho kidogo! Dada, ile kona ya kwanza chini, yenye mti ulioinama, umeipita?"

"Nimeipita. Niliandikiwa ni Kona ya Mashujaa."

"Mashujaa gani? Pale panaitwa Mwongo Shuka. Na mwongo mwenyewe," Breki alijipiga kifua kwa kiganja, "ni mimi!"

"Na kona ya juu ni yangu," alisema Mwalimu Tarehe, akifika nyuma ya Breki kwa hatua fupi fupi. Alivuta pumzi. "Kinyumenyume. Kuna maelezo mawili ya asili yake, mwanangu. Moja la kivita, jingine la... la mshono. Nitaomba bango liwe na nafasi ya yote mawili."

"Lakini Mwalimu, mmenitumia wenyewe Amani na Mshikamano."

"Ile ilikuwa rasimu."

Yule dada aliivaa kofia yake, bado akitabasamu. "Niwaambie ukweli, wazee wangu? Kila njia ninayopita wananipa Kona ya Amani. Nina Amani nyingi kwenye ramani mpaka zimeanza kugongana. Hakuna hata moja ninayoikumbuka. Hizi zenu mtu hata ramani hahitaji." Akawatazama mmoja mmoja. "Nani aliyaita hivi?"

Wote walimgeukia Spoku.

"Kaka yangu," alisema Spoku. "Alikuwa analeta mikate."

"Yupo huko juu? Ningependa kumwona."

"Alishatutoka."

"Pole sana."

"Asante."

Wembe, ambaye hakuumbwa kwa huzuni ndefu, ndiye aliyedakia. "Na huyu unayemwona, dada, ndiye mdogo wake wa tumbo moja, na kona hana! Sisi wengine tumetangazwa mlima mzima, yeye hata shimo la panya halijaitwa kwa jina lake."

"Hakuwahi kuteleza," alisema Breki kwa chuki ya kirafiki. "Anaenda mwendo wa kobe. Umtie wapi?"

Spoku aliinamia baiskeli yake, akaishika usukani, akaiinua kutoka nyasini. Tairi la mbele likasema fsss. La nyuma halikusema kitu, maana lilikuwa limeshamaliza kusema. Vipande vya kioo viliwaka juani pande zote za pale alipokuwa ameibwaga.

Wote walitazama matairi, kisha wakamtazama Spoku.

"Fundi," alisema Mwalimu kwa upole, "si una kiraka?"

"Kiko kwenye tairi la mgeni."

Basi hapo mlima ulisikia kelele. Breki alishika mti. Wembe alikaa chini barabarani, brashi na yote. Mteja wake alicheka kwa upande wenye ndevu na upande usio na ndevu. Spoku alisimama katikati yao na matairi yake mawili bapa, masikio yakipata moto, akajikuta naye mabega yanatikisika.

Wakapanda. Mgeni alitangulia juu ya baiskeli yake, gia ya chini kabisa, Breki akimsukuma kwa nyuma na kumpa maelekezo ya lori. Wembe na Mwalimu walibishana njia nzima kuhusu kama ng'ombe anaweza kujitambua kwenye kioo. Spoku alikuwa wa mwisho, akisukuma, ringi zikigonga kila jiwe.

Chini kidogo ya kijiwe, pale barabara inapopinda kuufuata ukuta wa kale, kuna mpindo mfupi ambao watu hawakuwahi kuuita kona. Kila mtu aliusema "hapo" tu. Shangazi alikuwa ameshuka mpaka pale, birika mkononi, kumpokea mgeni. Alimwona mgeni anakuja juu ya baiskeli. Kisha akamwona fundi baiskeli wa mlima mzima anakuja kwa miguu, anasukuma pancha mbili.

Akacheka mpaka birika likapiga mluzi. Wenzake wakageuka na kumwangalia Spoku upya, kwa pembe ile aliyoiona Shangazi, na kicheko kikaanza tena. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakaacha. Walijua kilichokuwa kinafuata wakati kama huu, walikuwa wamezoea, na hakuna aliyekuwepo wa kukifanya. Tangu mazishi watu wameteleza mlimani, mayai yamevunjika, ndoo za maziwa zimepinduka, na hakuna mahali palipopata jina jipya. Wembe aliangalia ndala zake. Mwalimu alimwangalia Spoku.

Spoku aliegemeza usukani kwenye nyonga. Aliweka viganja vyote viwili mdomoni, kama mtu anayepulizia moto, jinsi kaka yake alivyokuwa akifanya mbele ya milango, mkate kwapani. Hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake, na sauti yake mwenyewe ilimshtua.

"Fundi Sukumaaa!"

Ukuta ukairudisha. Huko juu kijijini dirisha moja likafunguka, na mwanamke asiyeonekana akauliza, "Ni wapi huko?"

"Hapa chini ya ukuta!" alijibu Shangazi. "Fundi Sukuma!"

"Haya!" dirisha likasema, na ndani likasikika likimwambia mtu mwingine, "Fundi Sukuma."

Dada wa njia alikuwa ameshuka, mguu mmoja chini. "Na hilo niliandike?"

"Liandike," alisema Spoku.

"Kwa herufi kubwa," alisema Wembe. "Kubwa kuliko langu."

"Kuliko lako vipi? Umeshapimiwa?" Breki alimdaka, na hapo wakaanza tena, nani atakuwa na bango pana zaidi, na kama mwongo anastahili rangi nyekundu au buluu. Walimzunguka mgeni na kupanda naye kuelekea kwenye kahawa, wote watatu wakisema kwa wakati mmoja, Shangazi akiwafuata na birika na kuwaambia wamwache mtoto wa watu apumue. Mteja wa Wembe aliuliza kwa sauti ndogo kama bado kuna matumaini ya upande wa pili wa kidevu.

Spoku alibaki nyuma. Hakukuwa mbali. Hatua chache, na angekuwa chini ya bati lake, penye viraka tele. Alishika usukani, akasukuma polepole, akasimama kidogo kuvuta pumzi ambazo hakuwa amezikosa, akasukuma tena. Kona ilikuwa yake. Hakuona sababu ya kuimaliza upesi.